Jinsi ya kufundisha kuandika na kuongea Kiingereza sekondari, darasa la watoto 80

Walimu wenzangu wa Kiingereza, habari za kazi. Hii naandika kwa ajili yetu tunaofundisha sekondari za kata, dawati la watu wawili wanakaa watatu, kitabu kimoja watoto watano, na shule nzima walimu wa Kiingereza mko wawili au uko peke yako. Wa shule zenye watoto 30 na maktaba nao wasome tu, watachukua kitakachowafaa, ila mi nimekaa miaka mingi huku kwenye 80 na naongelea ya huku.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma kila kitu kwa Kiswahili, hesabu Kiswahili, sayansi Kiswahili, Kiingereza kilikua somo moja tu kwenye ratiba, na utaratibu huo upo tangu 1967. Januari anaingia kidato cha kwanza, anapewa ile orientesheni ya wiki kadhaa, afu ghafla Biology kwa Kiingereza, Geography kwa Kiingereza, History kwa Kiingereza. Mjadala wa tufundishe kwa lugha gani ni wa siku nyingi, Tume ya Makweta ya 1982, ile tume ya rais ya kuangalia elimu yetu, ilishapendekeza sekondari nayo iende kwenye Kiswahili na haikutekelezwa, na mimi nina maoni yangu lakini leo siingii huko, kwa sababu Jumatatu asubuhi watoto 80 wako mbele yako na mtihani wao uko kwa Kiingereza. Kwahiyo ujue kabisa hufundishi somo lako peke yake, mwalimu wa Biology anakutegemea, wa Geography anakutegemea, mtoto akishindwa kuunga sentensi mbili kwako atashindwa kueleza chakula kinavyosagwa tumboni kule.

Sasa neno langu kubwa kwenye hii yote ni moja. Mtoto haandiki kwa sababu hana mtu wa kumwandikia. Tunamwambia andika insha ya "My school", anaandika, analeta, tunaweka 9 kati ya 20, yameisha. Nani alitaka kujua habari za hiyo shule? Hakuna, mwalimu mwenyewe yuko shule hiyohiyo. Na mtoto hilo analijua vizuri, ndo maana anakutolea ile insha aliyokariri inayoanza "It was a sunny day" hata kama anasimulia msiba wa babu yake. Ila mpe msomaji wa kweli, mtu ambae kitu hakijui na anakitaka, uone anavyohangaika kutafuta neno, anakuita "mwalimu mwalimu, kokoto kwa Kiingereza inaitwaje". Siku mtoto anakuuliza neno kwa sababu analihitaji, hilo neno halimtoki tena.

Wiki ya kwanza waandike kwa Kiswahili

Najua kuna mwalimu hapa atashtuka. Nisikilize kwanza. Wiki ya kwanza na kidato cha kwanza wape ukurasa mmoja waandike kwa Kiswahili kuhusu kitu wanachokijua kukifanya vizuri, kusuka nywele, kuvua dagaa usiku kwa karabai, kupika vitumbua, kuziba pancha ya baiskeli, kuchunga, chochote kile. Chukua zile karatasi kaa nazo jioni uzisome. Utaona watoto wa aina mbili. Kuna ambao Kiswahili chao kinatiririka, kitu cha kwanza kinakuja kwanza, cha pili kinafuata, unasoma unaiona kabisa ile pancha inazibwa, hao shida yao ni lugha tu, maneno na muundo wa sentensi, ukiwapa hivo wanaondoka. Halafu kuna ambao hata Kiswahili chao kimevurugika, anaanzia mwisho, anaruka, anarudi, anakuacha njiani. Huyu hata ukimfundisha tense zote za duniani insha yake itakua imevurugika kwa Kiingereza sanifu. Huyu anahitaji kufundishwa kupanga mambo kichwani, na unaweza kumfundisha kwa Kiswahili kwa dakika kumi akaelewa, wakati kwa Kiingereza ungehangaika nae mwezi mzima.

Hizo karatasi usizitupe. Funga kwa kamba weka kabatini, tutazirudia.

Dakika tano kila kipindi

Kipindi chochote kile, hata kama mada ya siku hiyo ni fasihi, dakika tano za kwanza ni za kuandika. Ukiingia darasani swali liko ubaoni au unaliandika palepale, swali la maisha yao, jana ulikula nini na nani alipika, nani nyumbani kwenu anaamka wa kwanza na anafanya nini, kitu gani kilikuchelewesha leo. Sentensi tatu tu. Sheria ni chache, hakuna kufuta futa, neno usilolijua liandike kwa Kiswahili ulizungushie duara uendelee, na hakuna kusahihishwa. Narudia, hakuna kusahihishwa. Wawe na daftari dogo la kazi hiyo tu, lile la kurasa 40 linatosha, ukipita unaangalia nani kaandika nani hajaandika basi.

Faida ya yale maduara ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwisho wa wiki waambie wakusomee maneno waliyoyazungushia, andika ubaoni yale yanayojirudia, hayo ndo msamiati wa wiki. Darasa langu moja msamiati wa wiki ya pili ulikua ndoo, foleni, kuchota, kuni, kugombezwa. Hakuna kitabu kingenipa orodha hiyo, na niliwauliza baada ya mwezi wote wanayo.

Mwezi wa kwanza utaona sentensi mbovu sana, usiogope na usiguse peni nyekundu. Wanachojifunza hapo ni kwamba mkono unaweza kusogea bila kuogopa, na wengi wetu hapo ndo tunapowapoteza. Mi nilishampoteza mtoto hivohivo. Kijana wa kidato cha pili aliandika ukurasa mzima kuhusu ng'ombe wao aliyekufa, nikakaa nikasahihisha kila kitu, kila nukta, ukurasa ukawa mwekundu mpaka wino wake haukuonekana, nikamrudishia nikiwa naamini kabisa nimemsaidia. Hakuniletea daftari tena mpaka mwaka ukaisha, akawa anasema limepotea. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo sababu nimekaa kuandika haya.

Zoezi la maelekezo, hili ndo nalipenda kuliko yote

Ukisahau yote chukua hili. Mtoto anaandika maelekezo ya kitu anachokijua, mwenzake anayafuata neno kwa neno mbele ya darasa, na mwandishi haruhusiwi kufungua mdomo. Anasimama pembeni anaangalia maneno yake yanavyofanya kazi.

Nitakupa mfano wa pancha kwa sababu uliniingia sana. Kijana mmoja baba yake ni fundi baiskeli, akaandika hivi: "Remove tube. Put air. Put water. See bubbles. Put mark. Put gum. Finish." Kwa macho yake iko kamili, na kweli kazi anaijua, ameanza kuziba pancha akiwa la tatu. Tulileta tyubu ya zamani, beseni la maji, pampu, na msichana mmoja ambae hajawahi kushika pancha. Akasoma "Put air", akapuliza kwenye beseni. Akasoma "Put water", akachota maji akataka kuyamimina ndani ya tyubu kupitia kwenye valvu. Yule kijana pale pembeni anahangaika, anataka kusema hapana hapana sio hivo, na siruhusu. Alipokaa chini akaomba karatasi yake mwenyewe, sikumtuma. Ile ya pili ilikua hivi: "Pump air into the tube. Then put the tube in the water and turn it slowly. Look for small bubbles, because the bubbles show you the hole. Dry the tube. Rub the place with sandpaper." Kaniuliza maneno mawili tu, la msasa na la polepole.

Angalia kilichotokea pale. "Into" na "in" alifundishwa na mwalimu aliyenitangulia, nikamfundisha na mimi, tukajaza nafasi zilizoachwa wazi mpaka tukachoka, hazikukaa. Siku hiyo alizihitaji kwa sababu bila hizo maji yanaingia ndani ya tyubu. Na "because" ilitoka yenyewe, aliona msomaji hajui kwa nini anatafuta mapovu.

Jinsi ya kulifanya kwa watoto 80: gawa makundi ya wanne wanne, wawili wanaandika wawili wanafuata, vitu viwe vya kupatikana palepale, kufunga kamba za viatu, kukunja karatasi iwe boti, kusuka mistari mitatu ya kwanza ya nywele, kuchora umbo ambalo mwenzako halioni. La ramani nalo ni zuri mno, mmoja anaandika njia kutoka geti la shule mpaka nyumbani kwao, mwenzake anachora ramani kwa kufuata maandishi tu, wakilinganisha nyumba iko upande wa pili wa barabara mwandishi anaona mwenyewe aliposema kushoto akimaanisha kulia. Kwa mapishi usilete jiko darasani, wafuate kwa kuigiza tu, sufuria tupu na mwiko vinatosha. Mwanzo kuna kelele, mkuu wa shule anaweza kupita kuchungulia, muite ndani mpe karatasi moja aifuate nae.

Posta ya darasa

Chukua boksi la sabuni, toboa tundu juu, andika majina ya mikondo miwili. Watoto wa mkondo A wanaandikiana na wa mkondo B, kila mtu na mwenzake mmoja kwa muhula mzima, barua moja kwa wiki, nusu ukurasa. Wagawe wewe mwenyewe usiwaachie wachague, weka msichana na msichana, mvulana na mvulana, utaepuka mengi na wazazi wataelewa. Na waambie mapema kwamba kila barua inapita kwako kwanza, matusi hakuna, siri kubwa za nyumbani zisiandikwe humo, mwenye jambo zito aje kwa mwalimu wa malezi.

Sheria inayoifanya posta iishi ni moja, kila barua lazima ijibu kitu mwenzako alichouliza na iulize kitu kipya. Bila hiyo baada ya wiki mbili zote zinakua "How are you, I am fine, greet your parents". Ukiwa na hiyo mtoto analazimika kusoma kwa makini kabla ya kuandika, na hapo umefundisha ufahamu na uandishi kwa mpigo.

Makosa yanayotoka kwenye Kiswahili yafundishe kwa kutumia Kiswahili

Watoto wetu hawakosei ovyo. Wanatafsiri, na wanatafsiri kwa akili kabisa, tatizo ni kwamba sentensi ya chini ni ya Kiswahili. Ukiionyesha ile ya chini kosa linaeleweka mara moja. Mi naweka mistari miwili ubaoni, juu Kiswahili chini Kiingereza, kosa moja kwa wiki na sio zaidi.

La saa ndo la kwanza. Mtoto anaandika "I wake up at eleven o'clock and fetch water", yeye anamaanisha saa 11 alfajiri, mtahini anaona mvivu anaeamka karibu na mchana. Mwambie aangalie saa ya mshale, namba ya Kiingereza iko upande wa pili kabisa wa namba yetu, 11 inatazamana na 5, 12 inatazamana na 6, 1 inatazamana na 7. Chora saa ubaoni wachore na wao, kipindi kimoja linakwisha.

He na she linachukua muda mrefu zaidi kwa sababu sisi "anakuja" ni ya wote, baba anakuja mama anakuja. Kuwaambia he ni mwanaume she ni mwanamke hakusaidii, wanajua, ila ulimi haujazoea kuchagua. Dawa ni mazoezi ya mdomo, simulia kisa cha bibi na babu, upande wa kulia wa darasa unasimama ukisikia she, wa kushoto ukisikia he, afu umuachie mtoto mmoja asimulie wenzie wasimame kwa maneno yake, akichanganya anaona upande usiofaa umesimama anajirekebisha mwenyewe.

Neno piga nalo linawasumbua sana. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, Kiingereza kila kimoja kina kitenzi chake, ndo unapata mtoto anaandika "I beat my father a phone". Sikia vilevile, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia baridi, na unasoma "I heard hunger". Waandike familia ya piga na familia ya sikia kwenye manila moja ibaki ukutani muhula mzima. Neno "na" na neno "kwa" nayo yana kazi nyingi mno kwetu, "I went to the market and my mother" ni nilienda sokoni na mama, "he beat me by a stick" ni kwa fimbo. "I have arrived yesterday" ni nimefika jana. Na ile "the man who I saw him" inatoka kwenye niliyemwona, yule m wa katikati mtoto anamtafsiri anamuweka mwisho, mwambie kwa Kiingereza who ameshaibeba kazi hiyo.

A, an na the usianze nazo. Kwetu hazipo, zinachelewa kuingia hata kwa watu wazima, ukizing'ang'ania kidato cha kwanza utamaliza wino.

Kusahihisha bila kufa

Piga hesabu na mimi. Daftari 80, ukitumia dakika 4 kwa kila moja ni dakika 320, masaa matano na dakika ishirini, huo ni mkondo mmoja. Ukiwa na mikondo mitatu ni masaa 16 kwa insha moja tu. Hakuna anaeweza, ndo maana wengi wetu tunatoa insha mbili kwa muhula afu tunashangaa watoto hawajui kuandika.

Ninavyofanya mi, watoto wanaandika kila wiki na mi nachukua daftari kumi kumi kwa zamu, hizo kumi nazisoma kweli. Kila mtoto anafikiwa kila baada ya wiki nane. Kwenye daftari naandika vitu viwili, kwanza jibu la msomaji, kwa mfano "I did not know that dagaa come to the light. What happens when there is a moon?", halafu kosa moja tu, lile la wiki hiyo, nalipigia mstari bila kulirekebisha, alirekebishe mwenyewe. Mengine naacha. Nayaona, yananiwasha, naacha.

Wale 70 waliobaki wanasomana. Ila usiwaambie "sahihishaneni", mtoto hawezi kusahihisha asichokijua, atamharibia mwenzake sentensi iliyokua nzuri. Wape kazi ya msomaji: piga mstari chini ya sentensi uliyoipenda, na weka alama ya kuuliza mahali ulipopotea. Kazi hizo mbili tu. Hata mtoto wa mwisho darasani anajua mahali alipopotea. Halafu mwandishi anarudi kwenye ile alama ya kuuliza anaongeza sentensi moja ya kumsaidia msomaji, na hapo ndo kuna kuandika upya, kitu ambacho kwenye shule zetu karibu hakipo, insha inaandikwa mara moja inafungwa.

Kutoka kwenye zile kumi nachagua sentensi tano, bila majina, naziandika ubaoni, tatu zenye kosa la wiki na mbili nzuri. Ile nzuri nailipia muda zaidi, tunakaa nayo, kwa nini imetukamata, neno gani limefanya kazi. Mwenye nayo anajijua, kakaa pale ametulia tuli, wiki inayofuata anaandika kurasa mbili.

Barua rasmi

Muundo wenyewe hauhitaji wiki tatu. Anuani yako juu kulia na tarehe, anuani ya unaemwandikia kushoto, salamu, kichwa cha habari, kiini, kufunga. Ukianza "Dear Sir" unafunga "Yours faithfully", ukianza kwa jina lake unafunga "Yours sincerely". Kipindi kimoja.

Kinachohitaji muda ni kuomba kitu ukapewa. Darasa langu moja walitaka neti ya voliboli, nikawaambia muandikieni mkuu wa shule, kwa Kiingereza, barua moja kwa kila kundi. Nilishaongea nae mapema ajibu kwa maandishi na asiwaonee huruma. Akajibu kwa mistari miwili, neti ngapi, bei gani, iko duka gani, na nani ataitunza. Walikua wameandika ukurasa mzima wa "sports are good for health" na hakuna hata kimoja cha hivyo ndani yake. Ikabidi waende dukani kuuliza bei, wachague mtunzaji, waandike barua ya pili. Barua ya pili ilikua fupi kuliko ya kwanza na ilikua na kila kitu. Neti ilinunuliwa moja, muhula uliofuata.

Kwahiyo kabla ya barua yoyote wakalishe waandike kwa Kiswahili, yule mtu akisoma atauliza maswali gani. Maswali hayo ndo aya. Na kila aya ianze na jambo, ifuate sababu, ifuate mfano au namba. Jambo, sababu, mfano, waimbe mpaka wachoke, ikifika mtihani ndo inawashika mkono.

Kuongea

Lile suala la kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kaongea Kiswahili, tuache. Nimekivaa mwenyewe nikiwa mwanafunzi na najua kilinifundisha nini, kilinifundisha kunyamaza. Mtoto akiogopa kibao haongei Kiingereza, anakaa kimya, anamuangalia mwenzake anaezungumza ili kibao kiende kwake. Shule inakua na utulivu na tunadhani ni nidhamu.

Na midahalo yetu ya Ijumaa tuitazame vizuri. Watoto wanane wanaongea, wanne kwa wanne, walichokariri, 300 wanapiga makofi. Mdahalo mzuri lakini haufundishi wale 300. Mi nautanguliza na mdahalo wa madawati. Hoja inawekwa ubaoni, ya kwao, mfano watoto wa kutwa wapikiwe chakula shuleni au waje nacho. Dakika tatu wajadiliane na jirani kwa Kiswahili, wapate la kusema. Halafu Kiingereza, wawili wawili, A anaongea dakika moja, B kabla ya kujibu lazima aseme kwanza alichosikia, "You are saying that...", A akikubali ndo B anatoa la kwake. Hiyo sheria ndogo inafundisha kusikiliza kuliko mada nzima ya kusikiliza kwenye kitabu, kwa sababu ukiwa unasubiri zamu yako tu huwezi kurudia alichosema mwenzako.

Wape na vianzio vya kushika, viandike kwenye manila: "I see it differently because", "Let me give an example", "Can you say that again, please". Mtoto mwenye mwanzo wa sentensi mdomoni anapata ujasiri wa kutafuta mwisho wake. Na kuhusu kucheka, siku ya kwanza kabisa weka wazi, anaechekwa kwa kukosea anarudia, anaecheka anasimama aseme sentensi hiyohiyo kwa usahihi. Mara nyingi hawezi, na kucheka kunaisha.

Matamshi ya l na r kuna watoto wanachanganya kutokana na lugha ya nyumbani, usiyageuze kuwa kesi. Anaeleweka? Endelea.

Magazeti ya zamani yanasaidia sana huku kwenye kusikiliza na kusoma, Daily News na The Guardian ya kufungia vitu dukani, omba kwa mwenye duka. Kata habari fupi, toa kichwa chake, mmoja amsomee mwenzake, mwenzake atunge kichwa cha maneno sita, afu walinganishe na cha gazeti.

Mtihani

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unataka insha au barua na yale maswali ya vitabu vya fasihi, na wengi wanaanguka pale kwenye fasihi kwa sababu wanasimulia kitabu kizima bila kujibu swali. Zoezi langu ni dogo, natoa maswali matano, hawajibu hata moja, wanaandika tu kwa kila swali sentensi moja ya jibu. Moja. "The father fails because he does not listen to his daughter." Wakiipata hiyo sentensi kilichobaki ni jambo, sababu, mfano. Wafanye hivo kila wiki kuanzia kidato cha tatu, sio Septemba ya mwaka wa mtihani. Na kwenye chumba cha mtihani dakika tano za kwanza za insha ni za kupanga, pembeni ya karatasi, hata kama jirani ameshageuza ukurasa.

Sasa zile karatasi za Kiswahili za Januari, zilizofungwa kamba. Novemba wiki ya mwisho zitoe umrudishie kila mtu ya kwake. Waambie mada ni ileile, kitu unachokijua kukifanya vizuri, kwa Kiingereza sasa, kipindi dabo kizima, na msomaji ni mtoto atakaeingia kidato cha kwanza Januari inayokuja. Zikusanye zishone kwa sindano na uzi ziwe kitabu, na Januari wale wapya wakikaa tu kwenye madawati, kabla hujaandika chochote ubaoni, wape hicho wasome.